Re: Kwani Them Mushrooms wanasifiwa leo kwa lipi?

Ndugu yangu, unauliza mbona mashabiki tunashangilia wachambuzi wa muziki kuisifu Them Mushrooms, bendi ya Kenya ambayo kila mtu anaijua tayari. Shida iko hapo hapo: watu waliujua wimbo wao "Jambo Bwana" tu, wakaibandika jina la bendi ya mahoteli, ya kuchezea watalii, basi. Hata Boney M., kundi la disko la Ujerumani, kuuchukua wimbo huo mwaka 1983 hakukuwasaidia. Ulizidi kuonekana wa wageni.

Lakini hawa ni vijana walioanza Mombasa mwaka 1972, wakahamia Nairobi 1987, wakapiga rege, benga na chakacha bila kutetereka. Weka "Vidonge" walioshirikiana na Malika, mwimbaji wa taarabu, usikie taarabu ikiingia kwenye gitaa za dansi bila kupoteza maringo yake. Hiyo si kazi ya bendi ya kukaribisha watu lobi. Na "Nyambura"? Nenda harusi yoyote Embakasi, didzei akiiweka utaona shangazi anaweka mkoba kwenye kiti na kuvua viatu.

Wamechelewa miaka mingi hao wachambuzi, sawa, ila waje tu. Sasa mtu aandike kuhusu wimbo wao "Embe Dodo" vizuri, maana ile nayo wameipita.