Gallaher hakulazimishwa, alijipeleka mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama yule kepteni wa 1905 wa All Blacks (timu ya taifa ya raga ya New Zealand) alibebwa kwa nguvu kwenda vitani, hapana, alijipeleka. Dave Gallaher alizaliwa 1873 Ramelton, Ireland, familia ikahamia New Zealand akiwa bado mdogo, na kabla hata ya ile ziara ya All Blacks ya 1905 nje ya nchi alishapigana Vita vya Makaburu Afrika Kusini. Kwenye ziara yenyewe walicheza mechi 35 wakafungwa moja tu, na Wales pale Cardiff 3-0, ile trai (bao la raga) ya mchezaji wao Bob Deans iliyokataliwa hadi leo watu wanabishana (mi naona waliibiwa ila basi).

Sasa Vita vya Kwanza vya Dunia vinakuja jamaa kashapita miaka 40, ana mke na binti, angeweza kabisa kukaa zake nyumbani, lakini 1916 akaingia jeshini na umri akapunguza miaka 3. Mwaka huohuo mdogo wake Douglas akauawa Ufaransa. Yeye akafa Oktoba 4, 1917 kule Passchendaele, Ubelgiji, vipande vya kombora kichwani, kisha 1918 akauawa ndugu yao Henry naye. Ndugu watatu, vita moja. Kaburi la Dave liko Poperinge, na kombe wanaloshindania New Zealand na Ufaransa linaitwa jina lake.