Matajiri ndo wenye presha zaidi kwenye data yangu, nimekosea wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina data ya savei ya kaya, nimetumia swali la "umewahi kuambiwa na daktari kwamba una presha?" Nikipanga kwa kipato, matajiri wana presha kuliko maskini. Nimerudia mara tatu jibu ni hilohilo. Tatizo ni data au mimi?

JIBU: Marahaba. Hesabu hujakosea, ila hilo swali linapima vitu viwili kwa mpigo, ugonjwa na kufika hospitali. Presha kwa kawaida haiumi, sasa mama ambaye zahanati iko mbali na hajafungwa ile mashine mkononi tangu ajifungue mtoto wa mwisho atakujibu hapana, na wala hadanganyi, we unaandika 0 unaendelea. Kumbe una sifuri mbili tofauti, ya aliyepimwa akakutwa mzima na ya ambaye hajawahi kupimwa. Angalia kama dodoso lina swali la "umewahi kupimwa presha?" uwatenganishe hao kabla ya kitu kingine chochote.

Mchumi Amartya Sen aliliandika hili 2002 kuhusu India. Kerala, ambako watu wanaishi miaka mingi kuliko majimbo mengine, ndo walioongoza kusema wanaumwa, na Bihar ambako maisha yalikuwa mafupi walisema kidogo sana. Kerala wamesoma na huduma iko karibu, kwa hiyo wanayajua magonjwa yao.

Ukiweza tafuta data za STEPS, zile savei za Shirika la Afya Duniani (WHO) za magonjwa yasiyoambukiza. Pale mtu anaulizwa halafu anapimwa mara tatu, unachukua wastani wa vipimo viwili vya mwisho, ikifika 140/90 au anatumia dawa basi huyo unamhesabu. Weka jibu la mdomo huku na kipimo kule kwa kila kundi la kipato, na hilo pengo utakaloliona ndo matokeo yenyewe, usilizike kwenye kiambatisho.

Kinachonitisha zaidi ni lile swali la savei la "afya yako kwa ujumla ikoje?" Kwa Kiswahili hiyo ni salamu kabisa! Mtu kakohoa usiku kucha atakwambia nzuri tu, namshukuru Mungu, tena jirani akiwa amekaa hapo pembeni ndo kabisa. Bora umuulize kama jana aliweza kubeba ndoo ya maji mwenyewe. Ila usilitupe, maana tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka zimeonyesha wanaosema afya yao mbaya hufa mapema zaidi hata ukishahesabu magonjwa yao yanayojulikana. Linakwama pale unapolinganisha makundi yasiyo na kipimo kimoja cha "nzuri", kama hao matajiri na maskini wako.

Anza na zile sifuri, ukimaliza nitumie jedwali tuliangalie pamoja.