Sakafu ya Mbao: Majibu kwa Wasomaji Wanaojenga

Ninajenga Jinja. Fundi ananihimiza niweke mvule sebuleni, lakini bei yake imenishtua. Je, unastahili gharama hiyo?

Unastahili, mama, mradi uuziwe kiini cha mti. Kiini cha mvule hustahimili mchwa na kuoza, na ubao mnene unaweza kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya kila unapochakaa. Mbao nyeupe zinazotoka karibu na gome hazina kinga hiyo, kwa hiyo kagua ubao mmoja mmoja. Nakusihi pia udai stakabadhi zinazoonyesha mbao zilikotoka, kwa sababu mvule, uliokuwa fahari ya mashamba ya Busoga, umekatwa mno na hukawia kukomaa.

Mbao zetu za mahogani ziliwekwa Aprili, hapa Ntinda, Kampala. Kufikia Julai zilikuwa zimeachana hata sarafu inapenya. Je, tulichagua mti mbaya?

Mti hauna kosa. Inaelekea ziliwekwa zikiwa na maji mengi. Ubao hupanuka unapofyonza unyevu na husinyaa unapoupoteza, na aliyeziweka wakati wa masika bila kuzipima amebahatisha. Iwe mtu ananunua kwa wauza mbao wa Ndeeba, Kampala, au kwingineko, fundi apime unyevu kwa kipimo cha umeme kabla ya kulipa: kwa Kampala asilimia 12 hadi 14 inafaa, ilhali ubao mbichi huzidi 30. Kisha mbao zilazwe ndani ya nyumba hiyohiyo kwa wiki mbili hivi, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na wakati wa kuziweka iachwe nafasi ya milimita 10 au zaidi kandokando ya kuta.

Zege nalo lisisahauliwe. Bandikeni karatasi ya nailoni sakafuni, mzibe kingo zake na kuiacha siku mbili; matone yakitokea chini yake, zege bado ni bichi, hata kama juu linaonekana kavu. Kwa sasa msijaze nyufa hizo, kwa kuwa mvua zikirudi mbao zitapanuka na kusukumana. Subirini msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, ndipo fundi azing'oe na kuzibana upya.

Lamineti ni nafuu na inapendeza. Kwa nini nisiiweke nyumba nzima?

Iweke vyumba vya kulala. Ni picha ya mbao juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa: haikwaruziki kwa urahisi, lakini maji yakipenya kwenye maungio huvimba na hairudi ilivyokuwa, wala haipigwi msasa. Jikoni, na popote panapodekiwa kwa maji mengi, usiiweke. Ukiweza kuongeza fedha, nunua mbao za tabaka, zenye mbao halisi juu ya plaiwudi, ambazo hazijikunji sana. Tabaka la juu lisipungue milimita 3.

Je, mkaratusi au msonobari unafaa?

Mkaratusi ni mgumu, ila hupasuka na kupinda usipokaushwa taratibu. Msonobari ni laini, na miguu ya viti itaubonyeza. Utie dawa ya mchwa na uuweke chumba kisichopitwa sana.