Maswali ya Wasomaji: Mshumaa wa chujio hauondoi chumvi

Salamu aleikum wahariri. Nyumba yetu iko Langoni, Lamu, na ina kisima uani. Maji yake ni ya chumvichumvi. Nilinunua chujio la ndoo mbili lenye mishumaa miwili ya udongo, lakini maji yanatoka na chumvi ile ile. Ninunue mishumaa mizuri zaidi, au mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi?

Aleikum salamu dada. Mishumaa yako haina kosa. Vitundu vya mshumaa ni vidogo kiasi cha kukwamisha tope na bakteria, lakini chumvi imeshayeyuka na hupita pamoja na maji. Mshumaa wa bei mara tatu utakupa ladha hiyo hiyo. Kuchemsha nako hakusaidii: mvuke unaondoka, chumvi inabaki sufuriani, na maji yanazidi kukolea.

Kabla ya kutoa pesa nyingine, pima. Kipimo cha TDS ni kijiti cha ukubwa wa kalamu. Unakichovya kwenye gilasi, unangoja namba itulie, unasoma miligramu za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya chini ya 600 huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Pima asubuhi kabla hamjateka, kisha pima tena baada ya kujaza tangi. Chini ya mchanga wa Lamu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta kwa nguvu, chumvi hupanda. Namba ikiruka sana baada ya kujaza tangi, teka kidogo kidogo kwa siku nzima. Huenda ukapata nafuu bila kununua kitu.

RO kweli huondoa chumvi, kwa kawaida zaidi ya sehemu 90 kwa 100. Ila muuzaji akuambie mambo mawili. La kwanza ni msukumo. Maji ya TDS 1,500 yanahitaji tangi lililo juu zaidi ya mita 10 ili tu yaanze kupenya ule utando, na utando hufanya kazi vizuri kwenye msukumo wa mita 30 hadi 40. Tangi la darini, mita 6 juu ya bomba, halitatoa hata tone. Itabidi uwe na pampu ndogo, na stima isiyokatika ovyo. La pili ni maji ya kumwaga: mashine nyingi za nyumbani humwaga lita 3 hivi kwa kila lita 1 ya kunywa. Watu watano wakitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, lita 60 zinakwenda, tena zina chumvi kuliko zilivyoingia. Zisafishie choo na sakafu. Usizirudishe kisimani wala usimwagilie miti.

Kwa nyumba nyingi za Lamu sisi tungetanguliza mvua. Paa la mabati la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 25, hukusanya karibu lita 800 baada ya kutoa zinazopotea. Mvua ya kwanza ya masika iache ioshe paa, ndipo ugeuze mfereji uingie tangini. Paa la makuti halifai, maji yake hutoka na rangi ya chai. Maji hayo ya mvua ndiyo upitishe kwenye mishumaa yako, na ya kisima yabaki ya kuogea na kufulia.

Na kumbuka, TDS haioni vijidudu. Kisima kilicho karibu na karo la jirani kinaweza kuonyesha 400 na bado kikawaharisha.

Chujio letu la mishumaa miwili lilikuwa likichuruzika polepole. Sasa lita 10 zinashuka kwa saa moja tu. Tumefurahi, lakini mtoto ameanza kuumwa na tumbo. — Msomaji, Shela, Lamu

Acheni kuyanywa leo, na mtoto apelekwe zahanati. Mshumaa mmoja hutoa lita 1 hadi 2 kwa saa. Mishumaa miwili ikishusha lita 10 kwa saa, maji yanavuja bila kuchujwa.

Fungua mshumaa, uloweke mpaka uache kutoa mapovu. Kisha, ukiwa bado ndani ya maji, puliza kwa nguvu kupitia mrija wake. Udongo mzima uliolowa haupitishi pumzi. Mapovu yakitoka sehemu moja, hapo pana ufa. Mara nyingi ni pale gundi inaposhikanisha udongo na kitako cha plastiki. Ufa hauzibiki kwa gundi, nunua mwingine.

Kama hakuna mapovu, tazama washa ya mpira. Inakaa ndani ya ndoo ya juu, kati ya kitako na sakafu ya ndoo. Nati kaza kwa mkono. Spana hupasua plastiki.

Mshumaa sugua kwa dodoki laini bila sabuni, na maji ya ndoo ya kwanza baada ya kusugua yamwagwe. Ndoo ya chini na bomba lake suuza kwa maji yaliyochemshwa, kamwe si ya kisima. Virusi ni vidogo kuliko vitundu vya mshumaa, kwa hiyo maji ya mtoto mchanga yachemshwe hata baada ya kuchujwa, yatokote dakika moja.

Tunatumia maji ya bomba Malindi. Yananuka klorini, na yakirudi baada ya kukatika huja na tope. Taa ya UV, ile ya mwanga unaoua vijidudu, inatosha? — Msomaji, Maweni

Haitoshi peke yake, kwa sababu kijidudu hujificha nyuma ya tope. Maji yakirudi, yaache yamwagike mpaka yang'ae, ndipo ufungue bomba la tangi. Weka chujio la tope la maikroni 5, kisha la karboni (mkaa) la kuondoa klorini, taa mwisho, vyote karibu na bomba la jikoni. Karboni ikitangulia tangi, itaondoa klorini na tangi litabaki bila ulinzi. Taa yenyewe badilisha kila mwaka hata ikiwa inawaka, maana mwanga unaoua vijidudu hufifia kabla ya ule unaouona.