Mabugo yalifika, wageni hawakufika

SWALI: Mzee, mume wangu aliugua miezi saba hapa Masese. Alikuwa mzee wa kanisa. Miezi yote hiyo walikuja kumwona watu wanne, na mmoja wao alikuwa anadai deni. Alipofariki, wiki moja kabla ya Pasaka, mabugo, yaani michango ya rambirambi, yalifika shilingi 1,400,000, mahema matatu, na spika mpaka usiku. Siku ya Pasaka nililia ibadani. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba anayeamini ufufuo halii. Imani iliyopungua ni yangu au yao?
Mjane, Jinja

JIBU: Mwanangu, pole sana. Kwanza tumalizane na huyo wa kunong'ona. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, naye alijua kabisa kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke. Wewe lia.

La mabugo linanichoma, maana nami nimo. Nikiwa katekista hapa Walukuba, kijana mmoja fundi baiskeli aliumwa muda mrefu. Nilimwombea kwa simu. Kwa simu! Na kwake ni mwendo wa dakika kumi. Alipokufa nilivaa kanzu nikahubiri ufufuo dakika arobaini, mama yake akinitazama tu.

Tangu hapo nazisoma habari za kufufuka kwa jicho la mpishi. Binti Yairo alipoinuka, Yesu aliamuru apewe chakula. Lazaro alipotoka na sanda zake, Yesu aliwaambia waliosimama pale, "Mfungueni." Aliyemtoa maiti wa siku nne angeshindwa na vitambaa? Aliwaachia majirani, na bila shaka vilinuka. Yeye mwenyewe, baada ya kufufuka, alikutwa ufukweni pa Tiberia na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate: "Njoni mfungue kinywa." Ninyi wa mwaloni Masese mnaielewa picha hiyo kuliko sisi wenye vitabu.

Paulo naye. Sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, mistari 58, yote ni ufufuo. Sura ya 16 inaanza na changizo. Sura zimegawanywa karne nyingi baadaye. Yeye alitoka kwenye parapanda ya mwisho akaingia kwenye mfuko wa fedha bila kupumua. Na changizo lile lilikuwa la maskini wa Yerusalemu waliokuwa hai. Jeneza halikutajwa.

Kwa hiyo sitapima imani yako wala ya mama yule. Ninachojua ni kwamba kanisa lenu lilikuwa na 1,400,000, na lilimsubiri mume wako afe ndipo litoe. Mwambie mchungaji wako hivyo hivyo, ukiwa umekaa, asije akakukwepa kwa kukuombea.

Kwetu sasa tunakwenda wawili wawili kila Alhamisi: mukene (dagaa) kidogo, kipande cha sabuni, na kukaa. Kumgeuza mgonjwa kitandani, kufua shuka. Hatujafuzu, kuna nyumba tuliisahau wiki tatu nzima, na mwenye nyumba alitusema vizuri sana.

Mwachie mhariri jina la mtaa wako. Mimi na mke wangu tutakuja Alhamisi. Mkaa uwe wako, samaki tutabeba sisi.