Maswali ya Wasomaji: Boila ya Mtonesho na Maji Yanayorudi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu boila za kisasa za kupasha joto nyumba, zile zinazoitwa boila za mtonesho kwa sababu huvuna joto hata kutoka kwenye mvuke uliomo ndani ya moshi wao. Tumechagua maswali saba. Tumeyajibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa hayana uzito mmoja.

Swali: Tuliondoa boila ya zamani tukafunga mpya, ambayo muuzaji alisema ina ufanisi wa zaidi ya asilimia 90. Nyumba inapata joto vizuri, lakini gesi tunayotumia imepungua kidogo tu. Fundi aliiweka kwenye nyuzi 80 na hatujaigusa tangu hapo. Je, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Jibu: Inaelekea boila yenu ni nzima kabisa, na kinachoibana ni hizo nyuzi 80. Gesi asilia inapoungua, haidrojeni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ya hewani na kuwa maji, na maji hayo hutoka pamoja na moshi yakiwa katika hali ya mvuke. Katika boila ya zamani mvuke huo hupanda kwenye bomba la moshi na kwenda zake, ukiwa umebeba joto fichi, yaani lile linaloshikiliwa na maji yakiwa mvuke, ambalo tayari mmelilipia. Boila ya mtonesho ina kibadilisha joto kikubwa zaidi, ambamo moshi hupita ukitenganishwa kwa ukuta mwembamba wa chuma na maji yanayorudi kutoka kwenye radieta, yale mapaneli ya chuma yanayopasha vyumba joto. Maji hayo yakiwa baridi vya kutosha, mvuke hugeuka matone, kama jasho linavyojikusanya chini ya kifuniko cha sufuria, na joto lake fichi huingia kwenye maji badala ya kupotelea nje.

Sharti ni hilo la ubaridi. Mvuke uliomo katika moshi wa gesi asilia huanza kugeuka matone unapopoa hadi kufikia nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Maji yakitoka kwenye boila yakiwa na nyuzi 80, kwa kawaida hurudi yakiwa na nyuzi 60 au zaidi, na hapo hakuna tone litakaloonekana. Boila yenu ya gharama kubwa hubaki ikifanya kazi kama boila ya kawaida iliyotengenezwa vizuri, kwa ufanisi wa asilimia 80 na kitu, wala si ule mlioahidiwa. Kadiri maji yanayorudi yanavyozidi kuwa baridi chini ya nyuzi 55, ndivyo matone yanavyoongezeka, na ndiyo maana nyumba zinazopashwa joto kupitia mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu hunufaika zaidi na boila za aina hii.

Shusheni joto la maji yanayokwenda kwenye radieta hadi nyuzi 65, mkae nalo siku mbili, kisha mshuke nyuzi tano tano mkiangalia kama chumba chenye baridi kuliko vyote bado kinafikia joto mnalolitaka. Radieta nyingi zilipimwa kwa ajili ya siku ya baridi kali kabisa, na siku nyingine zote zina nguvu ya ziada. Zitakuwa za vuguvugu badala ya kuunguza mkono, na zitakaa na joto kwa saa nyingi zaidi. Jambo hilo huwatia watu wasiwasi, lakini boila inayowaka kwa mwali mdogo muda mrefu hutumia gesi kidogo kuliko inayowaka kwa nguvu na kujizima kila baada ya dakika chache. Kama boila ina nafasi ya kuunganishwa na kihisi cha nje, ambacho hupandisha na kushusha joto la maji kulingana na hali ya hewa, mimi ningekinunua hicho kabla ya thamostati yoyote inayoendeshwa kwa simu.

Kuna tahadhari moja. Ikiwa boila hiyo hiyo inapasha tangi la maji ya kuogea, tangi lisiachwe chini ya nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Lejionela hustawi katika maji ya vuguvugu yaliyotuama. Boila nyingi zina mpangilio tofauti kwa ajili ya tangi. Someni kitabu chake kabla ya kugusa chochote.

Mwombeni fundi pia awasawazishie radieta. Radieta iliyo karibu na boila hujipatia maji mengi mno, nayo huyarudisha yakiwa bado ya moto bila ya kuyatumia, huku ya chumba cha mwisho ikibaki baridi. Katika upande mmoja wa kila radieta kuna vali ndogo iliyofunikwa kwa kofia ya plastiki, na kwa kuzibana kidogo zile za radieta za karibu, maji hulazimika kwenda mbali na hurudi yakiwa yamepoa.

Swali: Karatasi ya boila yetu imeandikwa ufanisi wa asilimia 107. Shuleni nilifundishwa kwamba jambo kama hilo haliwezekani.

Jibu: Shule ilisema kweli. Kuna namna mbili za kuhesabu joto lililomo katika gesi: ya juu, inayojumlisha joto fichi la mvuke, na ya chini, inayoliacha nje. Kwa gesi asilia tofauti kati ya hizo mbili ni kama asilimia 11. Karatasi yenu imetumia hesabu ya chini, kwa hiyo joto linalovunwa kutoka kwenye mvuke huonekana kama limetoka hewani. Kwa hesabu ya juu, asilimia 107 hiyo ni kama 96, ambayo bado ni nzuri sana. Mkilinganisha boila mbili, hakikisheni kwanza kwamba zote zimepimwa kwa hesabu moja.

Swali: Bomba jembamba la plastiki lililo chini ya boila linatiririsha maji, na nje kunatoka wingu jeupe. Je, boila inavuja?

Jibu: Hayo ndiyo matunda ya mtonesho, na mngekuwa na sababu ya kulalamika kama katika siku ya baridi bomba hilo lingekuwa kavu. Kila mita moja ya ujazo ya gesi asilia huzalisha takriban kilo 1.6 za maji, na sehemu yake ndiyo mnayoiona. Maji hayo yana asidi, kwa kawaida pH yake ikiwa kati ya 3 na 5, kwa hiyo yapitishwe katika bomba la plastiki mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Shaba na chuma cha kawaida huliwa, na saruji pia hudhurika. Pale ambapo hakuna njia ya kuepuka mabomba ya chuma, hufungwa chombo chenye vipande vya mawe ya chokaa ambavyo huipunguza asidi kabla ya maji kupita.

Hatari yenyewe ni barafu. Bomba hilo likipita nje ya ukuta, maji huganda ndani yake usiku wa baridi kali, yale yanayofuata hurudi nyuma, na asubuhi boila hutoa sauti ya kugugumia kisha hujifunga. Mwagieni bomba maji ya moto kiasi, yasiyochemka, kuanzia kwenye mdomo na viwiko vyake, kisha mbonyeze kitufe cha kuiwasha upya. Kwa tiba ya kudumu, sehemu ya nje iwe fupi na pana iwezekanavyo, iwe na mteremko, na ivishwe sponji ya kuhifadhi joto.

Swali: Presha inashuka. Kila wiki mshale wa geji unafika chini ya 1 na tunalazimika kuongeza maji. Je, kuna ubaya kuendelea hivyo?

Jibu: Upo, na ni mkubwa. Maji mapya huja na oksijeni, na oksijeni hiyo huzalisha kutu ndani ya radieta. Huja pia na chokaa, ambayo hujibandika mahali penye moto zaidi, yaani ndani ya kibadilisha joto. Mfumo uliofungwa vizuri unaweza kukaa miezi mingi bila ya kuhitaji tone.

Kabla ya kumwita fundi, itazameni geji kwa siku moja. Mfumo ukiwa baridi, mshale ukae kati ya baa (kipimo cha presha) 1 na 1.5, ukipata moto, upande kidogo bila ya kupita 2 au zaidi yake kidogo. Mkiona mshale unapanda mbio kuelekea 3 kila boila inapowaka, kisha unaanguka chini ya 1 inapopoa, tangi la upanuzi limepoteza hewa yake. Maji yakipashwa hutanuka, na tangi hilo, lenye mpira katikati na hewa upande wa pili, ndilo linalotakiwa kuyapokea. Lisipoyapokea, vali ya usalama hufunguka kwenye baa 3 na kuyamwaga nje kupitia bomba dogo linalotokeza ukutani. Wekeni chombo kikavu chini ya bomba hilo, na mkiyakuta maji ndani yake asubuhi, jibu mnalo.

Ikiwa mshale hauruki bali unashuka taratibu mchana na usiku, mfumo unavuja mahali. Pitieni vali za radieta moja baada ya nyingine mkitafuta ukoko wa kijani au mweupe kwenye viungo, kwani uvujaji mdogo juu ya bomba la moto hukauka kabla ya kudondoka na hauachi alama nyingine. Msipokuta kitu, izimeni boila kwa saa kadhaa na mlitazame lile bomba la plastiki la maji ya mtonesho. Moto ukiwa umezimwa halipaswi kutoa maji mapya. Likiendelea kudondosha, kibadilisha joto chenyewe kimetoboka, na hiyo si habari njema.

Baada ya kuongeza maji, fungeni vali zote mbili na mlichomoe bomba la kujazia. Nyumba nyingi huliacha limeunganishwa, vali ikipitisha kidogo kidogo, na presha hupanda bila ya mtu kujua sababu.

Swali: Fundi anasema ni lazima asafishe radieta zetu za zamani na kufunga kichujio cha sumaku kabla ya kuweka boila mpya. Je, anatutafutia gharama?

Jibu: Safari hii fundi yuko upande wenu. Radieta za chuma zilizotumika miaka mingi hukusanya tope jeusi, ambalo ni kutu ya aina inayovutwa na sumaku, na njia za maji ndani ya kibadilisha joto cha kisasa ni nyembamba mno kuweza kulivumilia. Boila ya zamani ya chuma cha kusubu ililimeza tope hilo bila ya kusema. Hii mpya itaanza kupiga kelele na kujizima kwa joto kupita kiasi. Mnaweza kupima wenyewe: radieta iliyo moto juu na baridi chini katikati ina tope, na iliyo moto chini na baridi juu ina hewa, ambayo hutolewa kwa ufunguo mdogo katika dakika moja.

Baada ya kusafisha itiwe dawa ya kuzuia kutu, na fundi ahakikishe dawa hiyo inakubaliana na chuma cha kibadilisha joto, kwa kuwa vya alumini havivumilii baadhi ya dawa ambazo vya chuma kisichoshika kutu huzivumilia. Kichujio nacho kifunguliwe na kusafishwa kila mwaka. Kisiposafishwa, nacho huwa kizuizi.

Swali: Tuizime boila usiku?

Jibu: Mkishusha joto la vyumba nyuzi mbili au tatu mtapata sehemu kubwa ya faida. Kuizima kabisa hupunguza joto linalopotea, lakini asubuhi boila hulazimika kukimbiza nyumba iliyopoa kwa maji ya moto sana, na mtonesho hukoma. Katika nyumba inayohifadhi joto vizuri, tofauti ni ndogo.

Swali: Boila yetu ina miaka minne na haijawahi kutusumbua. Kuna haja ya kumwita fundi kila mwaka? Mume wangu ni mzuri wa mikono na angependa kuifungua mwenyewe.

Jibu: Haja ipo, na mumeo asiifungue. Katika boila nyingi kifuniko cha mbele ni sehemu ya ukuta unaouzuia moshi usiingie chumbani, na kikirudishwa vibaya, hatari haina harufu wala rangi: ni kaboni monoksaidi. King'ora cha kuigundua kiwepo nyumbani na kijaribiwe mara kwa mara. Watu wa nyumba wakianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kichefuchefu, kisha wakapata nafuu wanapotoka nje, zimeni boila, fungueni madirisha, tokeni wote na mwite huduma ya dharura.

Kazi za mumeo ziko nyingi bila ya hiyo. Atazame geji, atoe hewa kwenye radieta, ahakikishe mdomo wa bomba la moshi nje haujazibwa na majani wala theluji, na asikilize sauti mpya.

Fundi mwenye leseni ya kazi za gesi ndiye apime moshi kwa kifaa chake na kuandika kiwango cha kaboni monoksaidi na kaboni dioksaidi, asafishe kibadilisha joto, akague vijiti vya kuwashia na mipira ya kuzibia, na apime hewa ya tangi la upanuzi. Akimaliza kwa dakika kumi bila ya kupima moshi, amekuja kusalimia. Atafungua pia mtego wa maji, kikombe kidogo kilicho chini ya boila ambamo uchafu wa mtonesho hujikusanya, ausuuze na kuurudisha. Mwulizeni kabla hajawasha moto kama ameujaza maji, kwa sababu ni maji hayo yaliyotuama ndani yake yanayouzuia moshi kushuka kwenye bomba la plastiki na kuingia chumbani.