Umemwonaje Mama Katniss?

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, mimi mzima, miguu tu ndiyo inavimba jioni. Nduguyo hajambo. Swali lako la juzi kwenye simu nililikwepa, nikasingizia maziwa yanamwagika jikoni. Hapakuwa na maziwa. Uliniuliza, "Mama, mama yake Katniss umemwonaje?" yaani mama wa yule binti wa kwenye riwaya zako. Hilo si la kujibu nimesimama, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza nikueleze nilivyofika huko, najua unacheka. Mwaka 2012 ulikuwa kidato cha pili, ukaja na riwaya ya The Hunger Games ya mtumba uliyonunua kwa hela ya nauli, ukaniomba tusome wote. Nikageuza nyuma ya jalada. Watoto 24, wa miaka 12 hadi 18, wanatiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inatazama kwenye televisheni. Nikakwambia mimi nashinda wodini na watoto wanaokufa kweli, usiniletee wa kubuni. Ukakichukua, ukaondoka. Hukuniomba tena.

Sasa nimestaafu, na siku za mstaafu ni ndefu. Nilikuwa napanga stoo kabla ya Ramadhani, nikavikuta vitabu vyote vitatu vya hadithi ile kwenye boksi la sare zenu, cha kwanza kimefungwa selotepu mgongoni. Nikakaa juu ya ndoo, nikasema nitasoma ukurasa mmoja. Adhana ya adhuhuri ilinikuta pale pale.

Kiingereza changu ni cha mafaili ya wagonjwa, wajua. Lakini yule binti, Katniss, anasimulia kwa sentensi fupi, na kila jambo linatokea sasa hivi, mbele ya macho yako. Mwandishi wake, Suzanne Collins, aliwahi kuandika vipindi vya watoto vya televisheni, na inaonekana, maana kila sura anaikata pale ambapo huwezi kwenda kulala. Mwenyewe amesema wazo lilimjia usiku akibadilisha chaneli: huku vijana wanashindana kwenye onyesho, huku vita vya Iraq, mwisho vikamchanganyikia. Mimi nilidhani kitabu kinashangilia mauaji, kumbe wanaosemwa ni watazamaji. Kwa hilo nakuomba radhi, ila nusu tu. Bado naona kifo cha Rue, yule msichana wa miaka 12 aliyeungana na Katniss uwanjani, ni kizito kwa mtoto wa miaka 14.

Na mguu wa Peeta, yule mvulana wa kwao aliyetiwa uwanjani pamoja naye! Kidonda cha pajani kimejaa usaha, mistari myekundu inapanda, homa juu, na Katniss anatafuna majani anabandika. Nimekaa humu ndani nampigia kelele kana kwamba ni mwanafunzi wa uuguzi aliye kwenye zamu yangu. Sumu ikishaingia kwenye damu, majani yatafanya nini? Nilipoona sindano imepatikana nikapumua. Habari za yupi amchague, Gale rafiki yake wa kuwinda au Peeta, nilikuwa naziruka. Nisamehe.

Haya. Yule mama.

Mume amekufa kwenye mlipuko wa mgodi, hata mwili wa kuzika hakuna. Katniss ana miaka 11, mdogo wake Prim 7. Mama anakaa kitini au analala, macho yapo mbali, watoto wanakonda mbele yake. Siku moja Katniss anapekua mapipa ya taka nyuma ya duka la mikate, mvua inamnyeshea, ndipo Peeta anapomrushia ile mikate iliyoungua. Hapo nilisimama kwanza, nikaenda kunywa maji.

Lakini kilichonikata ini si mikate, ni ile tesera. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia kwenye bahati nasibu ya kifo, na ukiwa na njaa unaruhusiwa kuliingiza tena, upewe nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja ya mwaka mzima. Majina hayafutwi, yanajumlishwa mwaka kwa mwaka. Nilichukua bahasha ya umeme nikapiga hesabu nyuma yake: jina moja la lazima na matatu ya chakula, manne kila mwaka, akifika miaka 16 ni majina 20. Nikaangalia yale matatu. Moja lake mwenyewe, moja la Prim. La tatu ni la mama. Yule mwanamke alikuwa anakula unga ulionunuliwa kwa shingo ya mtoto wake.

Sisi hatukulala njaa, mshahara uliingia. Lakini baba yenu alipofariki, eda iliisha miezi minne na siku kumi, mimi sikutoka. Nilirudi kazini kwa sababu kule nilijua la kufanya. Nikivuka kizingiti cha nyumba yangu, sijui. Nalala na sare, uso ukutani. Nasikia kijiti cha kiberiti, nasikia sufuria, nakusikia unamnong'oneza nduguyo, "Usipige kelele, mama kachoka." Mama kachoka, karibu mwaka mzima. Ulikuwa na miaka 13.

Umeniuliza nimemwonaje. Nimemwona mgonjwa. Angelazwa wodini kwangu tungeandika sonona, apewe dawa, apate mtu wa kuzungumza naye, na asingekuwepo wa kumwita mvivu. Katniss ana miaka 16 na ndiye anayesimulia, hawezi kuliona hilo, wala si kazi yake kuliona. Ila ugonjwa haukumpikia nduguyo uji. Uji uliupika wewe.

Kuna mahali umepiga mstari kwa penseli, umekandamiza mpaka karatasi imetoboka kidogo. Ni pale wanapoagana kabla hajapelekwa uwanjani, Katniss anamwambia mama yake asije akawaacha tena kama mara ile, safari hii Prim hana mwingine. Sikuwa na haja ya kuuliza mstari ule ni wa nani. Nimeuacha kama ulivyo.

Halafu nikagundua kwamba katika vitabu vyote vitatu mama huyo hana jina. Kwetu lisingekuwa ajabu, angeitwa Mama Katniss mtaa mzima na maisha yangeendelea. Mimi mwenyewe ni lini nimeitwa jina langu, nje ya kazini? Lakini kule kwao watu huitwa kwa majina yao, hata paka ana jina, yeye hana. Nilichukia kidogo kwa niaba yake.

Nikaja kumkasirikia yeye mwenyewe mwishoni mwa kitabu cha tatu. Prim amekufa. Katniss kaungua mwili, anarudi nyumbani na yule mlevi Haymitch aliyekuwa mwalimu wao wa uwanjani, na mama anabaki Wilaya ya 4, mbali na kwao, kusaidia kuanzisha hospitali. Wanalia wote kwenye simu. Naelewa, kila njia ya nyumbani ina nyayo za Prim. Naelewa pia kwamba hospitali ni maficho mazuri, mimi nimejificha humo miaka. Lakini nilikifunga kitabu nikakitupa kitandani. Mtoto amebaki mmoja, panda gari uende!

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Usianze kusema chumba ni kidogo, nitalala na mjukuu. Nakuletea vitabu vyako vyote vitatu, na dagaa.

Umesema kwenye kile cha 2025, cha ujana wa Haymitch, yule mama hatimaye anatajwa, anaitwa Asterid. Nitafutie nikikuta hapo. Kiwe cha karatasi lakini, maana maandishi ya kwenye simu yananitoa machozi kabla hadithi haijaanza.

Mama yako